Dawa, Mrututu na Eda ya Matumbawe

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu tumezoea kulichukua neno, tukaligeuza huku na huku, tukatazama lilikotoka na linakokwenda. Leo naomba tulitazame neno dawa. Nimelifundisha kwa miaka 34 katika shule za sekondari, nikaeleza asili yake ya Kiarabu, nikalitungia na maswali ya mtihani. Nilidhani nalijua. Kijana wa miaka 16 ndiye aliyenionyesha kwamba silijui, na alinionyesha kwa kunipigia kelele, jambo ambalo kwetu mjukuu halifanyi mbele ya babu yake.

Mwezi wa Oktoba nilisafiri kwenda Birmingham, Uingereza, kumtembelea binti yangu. Ukumbini mwa nyumba yake, mahali ambapo wengine huweka televisheni, mjukuu wangu ameweka bahari. Sidhani nakosea kuiita hivyo. Ni tangi la kioo la lita 500, lenye maji ya gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, na joto lake ni nyuzi 25 hata theluji inapoanguka dirishani. Ndani yake mna mawe ya chokaa, na juu ya mawe hayo yamekua matumbawe hai, mengine ya zambarau, mengine ya kijani, mengine yakipepea kama vidole vya mtoto anayeaga. Mna konokono wanaolamba kuta, mna kamba wekundu wenye masharubu meupe, na wakati huo mlikuwa na samaki wanne. Wawili kati yao ni wale wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, ambao watoto wa huko huwaita Nemo. Jike mkubwa, dume mdogo. Aliwapata akiwa na miaka 12. Kila jioni niliketi mbele ya kioo kile, nami mzaliwa wa Pangani nikawa naona kipande cha mwamba wa kwetu.

Siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia nikaenda peke yangu katika duka la samaki. Huko nikamwona kiumbe niliyemfahamu tangu utotoni: mwili wa buluu iliyofifia, uso mweusi, pezi la mgongoni la njano. Wataalamu humwita Acanthurus leucosternon, naye huishi tangu mwambao wetu wa Afrika ya Mashariki hadi Indonesia. Sisi humwita kangaja, jina ambalo pia ni la chenza ndogo. Pembeni mwa mkia ana mwiba unaokata kama wembe, na marehemu baba, kila alipowatoa demani, hakuacha kuniambia, "Mkia usiuguse." Kumkuta mwenyeji wa mwambao amesimama nyuma ya kioo katika nchi ya baridi kulinigusa. Muuzaji aliniuliza kama ninalo tangi la pembeni la kumweka kwanza. Kiingereza chake kilikuwa cha haraka, nami nikatikisa kichwa kukubali, kama wanafunzi wangu walivyozoea kukubali wasichokielewa. Nilifika nyumbani mjukuu akiwa shuleni, nikamtia kangaja moja kwa moja ndani ya bahari ile.

Alipofika alinikumbatia na kunishukuru. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Babu, huyu alikaa peke yake kwanza?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, samaki ni mzima. Akanyamaza. Adabu ilimzuia kusema zaidi, na mara nyingi nimejiuliza ingekuwaje kama isingemzuia.

Siku ya tano kangaja alianza kujisugua mawe. Siku ya sita mwili wake ulikuwa na vidoa vyeupe kama punje za chumvi, na mashavu yake yalipanda na kushuka kwa kasi. Siku ya nane vidoa vilitoweka. Nilifurahi, nikamwita mjukuu aje aone jinsi zawadi yangu ilivyopona. Alitazama, akaketi chini, akachukua karatasi na kuanza kuchora.

Alichokichora ni mzunguko wa maisha wa kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Kiumbe hiki cha chembe moja hujichimbia ndani ya ngozi na matamvua ya samaki, kikala na kunenepa kwa siku tatu hadi saba. Hicho ndicho kidoa tunachokiona. Kikishiba huanguka, kikajigandisha juu ya jiwe au mchanga, kikajivika gamba. Ndani ya gamba hilo hugawanyika mara nyingi, na kifuko kimoja kinaweza kutoa watoto zaidi ya 200. Hao huogelea kutafuta samaki, na wasipompata kwa siku moja au mbili hufa. Kwa hiyo vidoa vinapotoweka, ugonjwa haujaondoka. Umeshuka mawe kwenda kuzaa.

Nilipoitazama ile karatasi nilikumbuka mwaka ambao shule yetu haikuwa na mwalimu wa Baiolojia, nami nikapewa vipindi vyake. Niliwakaririsha watoto mzunguko wa vimelea vya malaria, homa inavyopanda na kushuka, na kwa nini mgonjwa anayejisikia nafuu hapaswi kuacha vidonge. Sasa mbele ya kioo nimeshangilia nafuu ile ile niliyowakataza wanafunzi kuishangilia. Hata neno lenyewe lilikuwa linanieleza. Mea, melea, kimelea: kitu kinachomea juu ya kingine. Kilichomea huacha mbegu.

Wiki iliyofuata vidoa vilirudi, vingi kuliko mwanzo, na safari hii juu ya samaki wote. Jike wa rangi ya chungwa alikuwa kama amenyunyiziwa sukari. Mjukuu alikuwa na mitihani, akirudi jioni amechoka, akisoma na kuulizia namna ya kutibu. Mimi nilikuwa na siku nzima na majuto yangu. Nikaingia kabatini mwake nikakuta chupa ya dawa ya samaki. Nilisoma kibandiko, nikaona neno moja tu nililolitaka: shaba.

Hapa yabidi nikueleze habari ya mrututu, maana vijana wengi leo hawaujui. Mrututu ni ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu iliyouzwa madukani kwa vipande. Bibi yangu aliusaga, akautia kwenye donda la mguu, nasi tukalia, na donda likakauka. Kwa hiyo niliposoma shaba, nilisikia sauti ya bibi. Nikasema, kumbe hata hawa Wazungu wanatumia mrututu. Nikafungua chupa, nikajaza kifuniko, nikapanda kigoda, mkono wangu ukiwa juu ya maji.

Mjukuu aliingia wakati huo.

"Babu, acha! Utaviua vyote!"

Ilikuwa sauti ya mtu mzima. Mkono wangu uliganda, na matone machache yakadondoka zuliani. Binti yangu alitoka jikoni akasimama mlangoni, hajui amkemee nani. Kijana alikuwa wa kwanza kuinamisha uso. "Samahani, Babu. Nisamehe," akasema, huku mikono yake ikitetemeka. Nami nilishuka kigoda, nikaiweka chupa mezani, nikaenda chumbani bila kumjibu. Nilikuwa nimekasirika, ndugu msomaji, na aibu ndiyo iliyonikasirisha.

Usiku ule sikulala. Nililitazama neno dawa dari nzima. Tuna dawa ya meno na dawa ya viatu. Tuna dawa ya mbu na dawa ya panya, na dawa ya panya haimponyi panya. Kiswahili hakikutenganisha kinachoponya na kinachoua. Kimeliachia kazi hiyo lile neno dogo "ya". Dawa ya nani? Ya nini? Juu ya nani? Anayeliacha swali hilo hajaijua dawa, hata kama ameshika chupa. Nikakumbuka jambo jingine ambalo nililifundisha mwenyewe katika vile vipindi vya kuazima: kwamba mrututu ulitumika kuua konokono wanaobeba kichocho mabwawani. Nilijua mrututu huua konokono. Nilijua bahari ya mjukuu imejaa konokono. Maarifa hayo mawili yalikaa kichwani mwangu kama majirani wasioamkiana.

Alfajiri nilimkuta ukumbini, hakulala naye. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, niwie radhi. Ulinizuia nisifanye kosa la pili, na la kwanza lilikuwa langu pia." Hakujua la kujibu, nadhani hajawahi kumsikia mtu wa umri wangu akimwomba radhi. Akasema tu, "Nisaidie kubeba tangi, Babu."

Tulichofanya tangu siku hiyo nakiandika kwa urefu kidogo, kwa sababu huenda msomaji mmoja ana tangi kama lile, na wengi zaidi wana jambo jingine linalofanana nalo.

Kanuni ya kwanza ni kwamba katika bahari ya matumbawe haitibiwi bahari, hutibiwa samaki, na hutibiwa nje yake. Shaba inayokiua kimelea huua pia matumbawe, konokono na kamba, maana wote hao ni viumbe wasio na uti wa mgongo, nao hawaistahimili hata kwa kiasi kidogo. Tena mawe ya chokaa na mchanga huifyonza, kipimo kikashuka bila wewe kujua, na baadaye yakairudisha kidogo kidogo majini. Kwa hiyo tuliweka tangi la pili, tupu kabisa: kipasha joto, pampu ya hewa, kichujio kidogo cha sifongo, na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Halikuwa na mchanga wala jiwe. Samaki wote walihamishwa, hata asiye na kidoa, kwa sababu matamvua huficha mengi.

Kanuni ya pili ni kipimo. Nilikuwa nimejaza kifuniko kwa kukisia, kama bibi na mrututu wake. Mjukuu alinionyesha kwamba zipo shaba za aina mbili madukani. Ile iliyofungwa na kemikali nyingine ili ikae majini huhitaji kufika kama miligramu 2 hadi 2.5 kwa lita. Ile huru hutosha kwa 0.15 hadi 0.2. Anayezichanganya aina hizo mbili huwapa samaki zaidi ya mara kumi ya kiasi chao, au chini ya sehemu ya kumi. Hatukufika kipimo kwa siku moja. Tulipanda polepole kwa siku kadhaa, tukipima asubuhi na jioni kwa kifaa kinacholingana na aina ya shaba yetu. Tulipima na amonia, kwa sababu tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kuimaliza, na samaki waweza kufa kwa uchafu wao wenyewe huku wanatibiwa. Amonia ilipopanda tulibadilisha maji, na maji mapya tuliyatia shaba kwa kipimo kile kile kabla ya kuyamimina. Hatukuongeza kemikali ya kuondoa amonia, kwa kuwa baadhi yake zikikutana na shaba huifanya kuwa sumu kali zaidi.

Njia nyingine zipo, na nazitaja kwa ufupi. Wapo wanaoshusha chumvi ya tangi la matibabu hadi chini ya nusu ya ile ya bahari, wakaishikilia hapo kwa wiki kadhaa. Samaki wengi hustahimili, kimelea hupasuka. Matumbawe hayastahimili, kwa hiyo hiyo nayo si tiba ya ndani ya bahari. Wapo wanaohamisha samaki kila baada ya saa 72, mara nne, kutoka tangi hadi tangi safi, wakikiacha kimelea nyuma kabla hakijazaa. Hapo hata wavu wenye maji haupaswi kufuatana nao. Na wapo wanaotumia, kwa ushauri wa daktari wa wanyama, dawa ambayo iliponitajia masikio yangu yalisimama: klorokwini. Msomaji wa rika langu ataukumbuka uchungu wake na ule mwasho usiku kucha, hadi Tanzania ilipoiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Sikutegemea kukutana nayo tena Birmingham, tena kwa ajili ya samaki.

Dukani zipo pia chupa zilizoandikwa kuwa ni salama kwa matumbawe. Nilimuuliza mjukuu kwa nini tusinunue hiyo, tuimimine ndani, tumalize. Akanijibu kwamba nyingi ni salama kwa matumbawe kwa kuwa ni salama kwa kimelea pia. Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kangaja alikufa siku ya pili katika tangi la matibabu, kabla shaba haijafika kipimo. Jamii yake husifika kwa kushikwa mapema na ugonjwa huu. Siku ya tano alikufa jike wa rangi ya chungwa. Mjukuu alimtoa kwa mikono yake, akamfunga kwa karatasi, tukamzika nyuma ya nyumba kwenye udongo mgumu kwa baridi. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba katika jamii ile, jike akifa, dume aliyebaki hugeuka kuwa jike, na kwamba anataka kuona kama itakuwa hivyo. Nilielewa kuwa alikuwa ananitafutia cha kunifariji.

Wale watatu waliobaki walipona. Lakini hawakuweza kurudi nyumbani, na hapa ndipo Kiswahili kilipopata kazi yake.

Mawe ya bahari kubwa bado yalikuwa na vifuko. Dawa yake ni moja: pasiwe na samaki. Matumbawe, konokono na kamba hubaki, hulishwa, taa huwashwa na kuzimwa, nacho kimelea huzaa watoto wasiopata pa kumea, kikatoweka. Vifuko vingi hupasuka ndani ya wiki nne, lakini vimewahi kuonekana vilivyochelewa hadi siku 72, na ndiyo maana wafugaji wengi husubiri siku 76. Mjukuu aliuliza kama tuna neno la hali hiyo. Nilimpa karantini, nikamweleza kwamba limetoka kwa Wataliani wa Venice walioziweka meli bandarini siku 40 kwa hofu ya tauni, na kwamba sisi pia tuna arobaini yetu, ya mzazi na ya matanga. Akasema hiyo ni 40, na hii ni 76. Nikamwambia, basi ni eda.

Nikamweleza kwamba mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi; kwamba nyumba haijafungwa, watu wanaingia na kutoka, chakula kinapikwa, lakini kuna jambo moja linalosubiriwa hadi siku zitimie, wala hakuna wa kuzipunguza. Nikampa na neno kutawa, kukaa ndani pasipo kutoka. Akayaandika yote mawili kwenye kalenda ya jikoni. Tarehe 2 Desemba aliandika "eda". Tangi la pembeni aliliita "chumba cha kutawa", na akaapa kwamba hakuna kiumbe kitakachoingia baharini bila kupita humo. Hata konokono mpya au kipande cha tumbawe kitatengwa, maana vifuko huweza kuja vimegandia juu ya gamba au jiwe.

Nikamwona kila asubuhi akilisha bahari isiyo na samaki. Ni kazi ngumu kwa kijana kutunza kitu ambacho hakimwonyeshi anachokipenda. Mara mbili alitaka kuwarudisha mapema. Siku ya 40, samaki wakiwa wazima kabisa, aliniuliza kama haitoshi. Nilimwonyesha kalenda. Siku hiyo niliona kwamba nami nilikuwa na kitu cha kumfundisha, baada ya yote.

Nilirudi Pangani tarehe 30 Januari, eda haijaisha. Tulipoagana aliniambia, "Babu, nitakupigia." Kabla ya kuondoka nilimwachia ubeti huu kwenye karatasi ile ile aliyochorea mzunguko wa kimelea:

Mjukuu nimejua, si kila dawa ni dawa,
Mwenye kuponya huua, asipojua kugawa,
Kwanza keti kutambua, yupi apaswa kutawa,
Subira nayo ni dawa, haiuzwi kwenye chupa.

Tarehe 16 Februari, nikiwa barazani, simu ililia. Ilikuwa video fupi. Samaki watatu walikuwa wakitoka taratibu katika chombo cheupe, yule wa rangi ya chungwa akitangulia, akaenda moja kwa moja kwenye pembe aliyokuwa akilala na mwenzake. Alikaa hapo kidogo, akapunga mapezi, akatoka kutafuta chakula. Nyuma ya picha nilisikia sauti ya mjukuu wangu, safari hii ya chini, ya adabu, kila neno likiwa mahali pake:

"Shikamoo Babu. Eda imekwisha."